Nauza Nyumba ya Kuku

Banda kubwa lililo upande wa reli, lile lenye kioo kwenye dari, liligharimu pauni mia moja na thelathini. Nimehesabu mara mbili. Themanini zilitoka kwenye fungu la shamba, na hamsini zilitoka kwa mwanamke ambaye mimi nilikwenda kwake kumpa hamsini. Chai sikuihesabu, maana ingekuwa imeshazidi bei ya banda. Kila mgeni anayeinua kifuniko cha banda lile huuliza kwa nini kuku wa London wanalala chini ya kioo kama wako kwenye hoteli za wenye fedha. Sasa nimestaafu, nina nafasi ya kujibu.

Priya, meneja wetu, aliniomba niache maelekezo ya kazi, nikayaandika kwa Kiingereza na yamebandikwa ukutani juu ya pipa la chakula. Yasomeni, ni mazuri, aliyarekebisha yeye. Haya ya hapa ni kwa nyinyi watatu mnaosema Kiswahili bandani, mnaofanya kazi na Mama Neema kila siku na mnamsikia akicheka bila kujua anacheka nini. Vyeo sitavitaja. Niliingia na buti za kuazima, nikatoka na buti zangu mwenyewe. Huko ndiko kupanda cheo kwenyewe.

Kabla ya kuja shambani nilikuwa nasafisha maofisi mjini. Siku ya kwanza nilipofika hapa, mashariki ya London, kati ya njia ya treni na maghorofa ya halmashauri, nilikuta mbuzi, kondoo, mabata, punda mmoja mwenye kisirani, na mzee mmoja wa Kizungu aitwaye Len. Len alikuwa akiwaita watu wote "kipenzi", na mbuzi pia, kwa hiyo sikuvimba kichwa. Akanitazama mtandio wangu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akafurahi, akasema, "Basi wewe kuku unawajua."

Sikumkatalia. Mtu akikupa sifa bure, pokea, utajua baadaye pa kuiweka. Mama yangu aliuza kuku sokoni Darajani, na mimi nilikaa naye tangu sijaota meno ya mbele. Nilijua kumpima kuku kwa mkono. Nilijua aliyelishwa mahindi na maji asubuhi ile ili awe mzito. Nilijua pora na mtetea kwa kuwatazama tu wanavyosimama. Lakini kuku wangu mimi walikuwa wakianzia pale wanapofungwa miguu. Kulea sikujua hata kidogo.

Len alijua siku ile ile, na hakusema. Alinipeleka kwenye bruda, sanduku kubwa la mbao lenye taa ya joto inayoning'inia kwa mnyororo, vifaranga wa siku mbili wako chini yake kama viazi vya manjano. Nikatafuta kipimajoto kwa macho. Kilikuwapo, kimefungwa kwa kamba. Len akakigeuza uso ukaelekea ukutani.

"Hicho hakijawahi kuwa kifaranga," akasema. "Waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, wanaungua. Wakitawanyika kama watu bustanini siku ya jua, nenda kanywe chai."

Kila wiki alikuwa akiipandisha taa kwa pete chache za mnyororo, joto lipungue kidogo kidogo, na kila mara akiipandisha tunasimama pale tukiwatazama mpaka chai ya kwanza inapoa. Ndiyo ilikuwa skuli yangu. Mnyororo ule ninyi mnaufahamu, ndio uliotundikwa mlangoni. Len alipohamia kwa mwanawe Essex aliniachia mimi, na mimi nimeuacha hapo. Mtu asiutumie kufungia baiskeli.

Kulea kifaranga mdogo, wanangu, si kazi ngumu sana. Joto, maji, chakula, maranda makavu chini, na uvumilivu. Kazi inaanza wiki ya tano. Hapo yale manyoya laini yameng'oka, yameota ya kweli nusu nusu, shingo ndefu, miguu mikubwa, sura mbaya. Si kifaranga, si kuku. Len alikuwa akisema wamekuwa vijana wa kituo cha basi: hawana pa kwenda na wote wanasukumana. Utawaona wanasimama juu ya chombo cha maji. Wanaruka wanatua ukingoni mwa bruda, wanakutazama kama wewe ndiye uliyechelewa. Maranda yote yamo majini, vumbi liko kwenye kope zako. Na nafasi ikizidi kubana, wanaanza kudonoana mikia. Damu ikitoka tone moja tu, wote wanaiona, na hapo hamna urafiki tena. Ukifika hapo, bruda limekwisha kazi. Zima taa mchana, uwaachie usiku. Siku nne tano, zima na usiku. Siku ya jua watoe nje kwa saa mbili, waone upepo ni nini. Halafu wape nyumba.

Na mwaka ninaousimulia mimi, nyumba hatukuwa nayo.

Baridi ile mbweha alikuwa ameingia. Wavu wa zamani ulikuwa ule mwembamba wa matundu ya nyuki, ambao unamzuia kuku asitoke lakini mbweha anaupasua kama karatasi ya chipsi. Hakuacha hata mmoja. Sitaki kukaa hapo, nilikaa hapo vya kutosha asubuhi ile na ufagio mkononi. Bodi ya shamba ilikutana, na mmoja wao, bwana mpole kabisa, akasema pale penye kuku, karibu na lango la upande wa reli, pangefaa sana kwa meza za mkahawa. Wenzake wakaona kweli pangefaa. Priya alikuwa mgeni kazini, hana hata miezi mitatu, lakini alipigana. Akatoka na sharti: tununue vifaranga, na likizo ya katikati ya muhula ikifika, watoto wa skuli wakija wakute kuku wako nje wanakula majani, ua unabaki. Wakikuta ua mtupu, zinakuja meza. Na mimi niliyekuwa mtu wa kuku ningekuwa mtu wa nini? Wa kufuta meza. Nilishafuta meza za maofisi, sikuwa na hamu ya kurudi.

Tukaleta vifaranga thelathini na moja. Nilihesabu thelathini na mbili mara ya kwanza, kumbe mmoja alikuwa amepita mara mbili. Bruda tukaliweka kwenye stoo ya darasa. Fundi aliyeahidi kujenga banda alikuwa mtu wa "wiki ijayo", na wiki ijayo, kama mnavyojua, haijawahi kufika popote. Wiki ya sita ikaingia. Kuku wanaruka mpaka kwenye rafu za rangi za watoto. Mtetea mmoja mwekundu akadonolewa mkia ukabaki kama brashi iliyochakaa, nikamtenga kwenye boksi peke yake, na asubuhi yake nikamtenga mwingine. Likizo ilikuwa inakaribia. Nikatazama bei za mabanda mapya kwenye simu, nikaizima, nikaiwasha tena kuhakikisha kama nukta ilikuwa mahali pake.

"Nina themanini," Priya akaniambia. "Na hapo nimetoa na za biskuti."

Kwa themanini London unapata mlango wa banda. Lakini mimi nina marafiki wengi na aibu kidogo, nikatuma sauti kwenye kundi la akina mama wa Kiswahili kwenye simu: anayejua penye banda la kuku la bei nafuu anishtue. Jioni mmoja akanirushia ujumbe uliotoka kundi jingine, la akina mama wa kanisa fulani huko Lewisham. Sauti ya mwanamke, nzito, ya furaha, nyuma yake maji yanatiririka:

"Jambo yenu. Miye niko natafuta kuuza nyumba ya kuku. Ya mbao, ya kuku makumi tatu. Muniite kwa hii namba. Mungu abariki."

Nikaisikiliza mara mbili. Ya mbao. Ya kuku thelathini. Nikampigia kabla ya kuvua buti.

"Nimesikia unauza nyumba ya kuku," nikasema.

"Ndiyo mama, nauza. Nauza hata leo-leo."

Ana haraka, nikajiambia. Mwenye haraka hupunguza. "Ya mbao kweli?"

"Ya mbao. Plastiki miye sitaki hata kuiona."

Mwanamke wa maana, nikasema moyoni. "Na mlango unao?"

"Mlango? Lazima mlango, mama. Nyumba gani haina mlango?"

Nikanyamaza. Kwenye biashara anayetaja bei kwanza ndiye anayelala njaa. Nilifundishwa hivyo Darajani kabla sijafundishwa alifu. Naye akanyamaza. Nikasikia kuku wakilia upande wake, wengi, sauti za vijana, nikatulia: kumbe kweli ni mtu wa kuku. Tukaendelea kunyamaza. Dakika za simu zinakwenda.

"Weye sema bei," akasema.

"Sema wewe."

"Hapana, mama, sema weye."

Kutoka kwenye themanini nilikuwa nimeshatoa thelathini za gari. Jamaa yangu mmoja wa Ilford anauza mazulia, ana gari la kubebea, alitaka arobaini na tano pamoja na mafuta, nikamkumbusha harusi ya bintiye nani alipika wali, akashuka. Zilibaki hamsini. "Hamsini," nikasema. "Haipandi, haishuki."

"Hamsini!" akasema. "Sawa, mama. Hamsini ni muzuri sana. Sitakusumbua."

Hapo nikakosa raha. Ukitaja bei na mwenzako akafurahi, jua kwamba umejipunja. Ningesema thelathini! Lakini neno limeshatoka. "Nitakuja na gari Jumamosi saa nne," nikamwambia.

"Karibu sana. Lifti ya hapa imekufa, lakini bwana yangu atasaidia kubeba."

Mnaona? Hapakuwa na neno hata moja la uongo. Ndiyo maana hadi leo sipati wa kumlaumu.

Jumamosi nikaenda kwa kivuko cha Woolwich, kwa sababu ni cha bure, na mto ukivushwa bure hata maji yake yanaonekana masafi. Binti yangu Nasra alinisindikiza hadi mlangoni na akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mtu akikubali bei haraka ni tapeli. Nikamjibu kwa Kiswahili changu kwamba tapeli hana kuku bafuni. Sijui kwa nini nilisema bafuni. Ni yale maji niliyoyasikia.

Mama Neema alikuwa ananisubiri chini ya ghorofa lao. Mfupi, mnene wa afya, kitenge cha bendera zote, juu yake koti la baridi lililovimba, miguuni ndara. Akanikumbatia kama tulizaliwa pamoja. Halafu akazunguka nyuma ya gari, akafungua mlango mwenyewe, akachungulia. Mle ndani mlikuwa na kamba na blanketi moja.

Akaingiza kichwa tena. Akatoka.

"Nyumba iko wapi?"

"Si iko kwako?" nikasema.

"Kwangu? Kwangu kuna bafu, mama. Bafu ya kuku."

Nikaona huyu sasa anataka kupandisha bei, amepata mtu wa sitini. Nikatoa hamsini zangu nikazishika mbele ya uso wake, ajue sikuja kutalii. "Tulikubaliana hamsini. Hizi hapa."

Akazitazama. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, akakifungua, akatoa hamsini zake, akazishika mbele ya uso wangu. "Na zangu hizi hapa," akasema.

Tukasimama hivyo kando ya barabara ya Lewisham, wanawake wawili wazima, kila mmoja amemnyooshea mwenzake hamsini, na hakuna wa kupokea. Basi la ghorofa lilipita. Watu wa juu wakatutazama.

"Mama," nikasema, "wewe si ulisema unauza?"

"Nauza! Natoa franga, napata kintu. Nauza."

"Huko ni kununua!"

"Kununua ni ya kitabu. Kwetu Bukavu, ni kuuza."

"Na anayetoa kuku apate pesa?"

"Huyo," akasema, taratibu, kama anamfundisha mtoto, "huyo anauzisha."

Nikaegemea gari. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliuza kuku Darajani maisha yake yote. Kumbe kwa Kiswahili cha huyu mwanamke alikuwa akinunua tu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyumbani kwetu pesa haikuwahi kukaa.

Nilianza kucheka mimi au alianza yeye, hatukubaliani mpaka leo. Alicheka mpaka ndara moja ikamtoka. Lakini kicheko kikapoa, na nikakumbuka mtetea mwekundu kwenye boksi, na zile meza. Nimetumia thelathini za watu kuja kucheka Lewisham. Uso lazima ulinibadilika, kwa sababu akanishika mkono.

"Weye uko na kuku ngapi?"

"Thelathini na moja. Wiki ya sita. Hawana pa kulala."

"Ya wiki sita!" akasema. "Panda uone zangu."

Tukapanda ghorofa nne. Bafuni mwake mlikuwa na kuku kumi na wawili, wakubwa kama wangu, wengine ukingoni mwa bafu, mmoja juu ya bomba. Taa ya joto ilikuwa imefungwa kwenye fimbo ya pazia. Mumewe, mtu mrefu mkimya, alinisalimia kwa heshima sana na kunieleza kwamba yeye sasa ni mwezi mzima anaoga kazini. Mchungaji alikuwa ameahidi kipande cha ardhi nyuma ya kanisa, kwa sharti kwamba nyumba ya kuku iwepo kwanza. Nikainama, nikatazama mikia. Watatu walikuwa wameshaanza kudonolewa.

"Na hii ni nini?" nikauliza nilipotoka. Kwenye korido palikuwa na kabati kubwa la nguo, la mbao nzito za zamani, limesimama likiziba nusu ya njia.

"Jirani amehama, ameacha mbili. Moja ingali kule chini karibu na mapipa. Miye nilisema tuifanye nyumba ya kuku. Bwana yangu anasema kabati ni ya nguo."

"Ni ya nguo," akasema bwana.

Nikaligonga kabati kwa kiganja. Mbao kweli. Nikalipima kwa mikono, kisha nikalipima tena. Ukililaza chali, nikawaza, milango yake ndiyo kifuniko. Mawili yakilala kichwa kwa kichwa, ukikata katikati, una banda. Nikamwangalia Mama Neema, naye alikuwa ananiangalia mimi kwa jicho la mtu ambaye naye ameshapima.

"Lete kuku wako kwetu," nikasema. "Ua upo, eneo lipo. Makabati yako, hamsini yako, hamsini yangu. Banda nusu kwa nusu."

"Mayai ya kuku yangu ni ya kanisa."

"Haya. Na chakula?"

"Nusu."

"Na mbolea?"

"Mavi yote nimekupa weye, mama," akasema. "Miye sina choyo."

Mumewe akaanza kuondoa nguo kabatini kabla hatujapeana mikono. Sijapata kuona mtu akifurahi hivyo kupata bafu.

Kwenye kivuko, kijana wa kazi alisikia kelele nyuma ya gari akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ukweli: makabati mawili. Hakuniuliza ndani ya makabati kuna nini.

Priya alipotuona tunashusha, alisimama na kikombe chake mkononi. "Mwanaisha," akasema, "hayo si makabati ya nguo?"

"Yalikuwa," nikamwambia. "Huyu ni Mama Neema. Nusu yake."

Pauni mia zote zikaenda kwenye wavu mzito wa chuma, bawaba, na zile karatasi za lami za paa. Muuza wavu alitaka mia na kumi na mbili, akatupata wawili kwa wakati mmoja, maskini. Mkumbuke hili: wavu haushuki chini tu, unautandaza nje juu ya ardhi hatua moja na kuufunika kwa majani, kwa sababu mbweha huchimba pale pale anapokutana na ukuta, hana akili ya kurudi nyuma. Makabati tuliyalaza juu ya pallet, zile fremu za mbao za kubebea mizigo. Zile fimbo za kutundikia makoti tukazishusha chini ya goti, tukaongeza mipini ya mafagio, zikawa za kulalia kuku. Kioo kilikuwa ndani ya mlango mmoja, na mlango sasa ndio dari. Mama Neema alitaka kiondolewe. Mimi nikasema kioo kizima ni mali, kikae. Miezi ya baadaye, kuku walipokua, tuliinua kuta kwa ubao mmoja pande zote, na kioo kikapanda nao.

Kati ya kabati na kabati niliweka wavu, wangu huku, wake kule, waonane wasigusane wiki mbili. Kuku wa nyumba mbili hawachanganywi siku moja. Mmoja anaweza kuja na ugonjwa, na hata wakiwa wazima watapigana. Mama Neema hakupenda.

"Kuku yangu iko gereza?"

"Iko karantini. Hata mimi nilipokuja nchi hii nilisubirishwa."

"Miye miaka tatu," akasema. Akainama, akawaambia kuku wake kwa Kikwao maneno ambayo sikuyaelewa, akanyanyuka. "Nimewaambia ni wiki mbili tu, wavumilie."

Jioni ya kwanza, jua linazama nyuma ya maghorofa, ndipo ilipo kazi. Kuku aliyezoea taa hajui kulala gizani. Anatafuta joto, anaingia kwenye kona, mwenzake anapanda juu yake, na wa chini anakosa pumzi. Tulikuwa tumezikata kona kwa maboksi zikawa duara, lakini bado walirundikana. Tukainua vifuniko, yeye kwake mimi kwangu, tukawatoa mmoja mmoja na kuwakalisha juu ya fimbo. Anaruka chini, unamrudisha. Anaruka, unamrudisha. Migongo ilituuma. Jioni ya pili nusu walikaa. Ya tatu walibaki wachache wabishi. Ya nne tulikwenda tukawakuta wamejipanga wote juu ya fimbo, vichwa ndani ya manyoya, na juu yao kwenye kioo kuna mstari mwingine umening'inia kichwa chini.

"Makumi ine na tatu," akasema Mama Neema.

"Arobaini na tatu," nikasema. Nikahesabu tena. Arobaini na tatu. Nadhani ndiyo siku pekee tuliyokubaliana hesabu mara ya kwanza.

Likizo ikafika. Yule bwana mpole wa bodi akaja na viatu vizuri, akakuta watoto wamejaa wavuni na yule mtetea mwekundu, mkia umeota upya, amesimama juu ya kifuniko cha kabati kama mwenye nyumba. Mtoto mmoja akamuuliza yule bwana, kuku wanaweka nguo zao wapi sasa? Bwana akacheka. Meza za mkahawa zikawekwa upande wa mbuzi. Wateja wanasema wanasikia harufu, na mbuzi wanasema hawana shida.

Mama Neema alikuwa anakuja Jumapili baada ya kanisa kuchukua mayai. Halafu akawa anakuja Jumatano kuangalia kama mayai yanakuja. Halafu kila siku, mpaka Priya akaona ni nafuu kumwandika kazi. Miaka yote hiyo tulifanya kazi bega kwa bega, na maneno yakahamia. Mimi nasema "haina neno" kama yeye mpaka Nasra ananishangaa. Yeye, kwa kunifurahisha, siku hizi husema kununua. Anasema kwa kuficha mdomo, kama mtu anayetafuna Ramadhani, lakini anasema. Na siku nyingine husahau.

Hapo ndipo ninapowahitaji nyinyi.

Siku ya kuniaga, keki imeshakatwa, alinishika mkono akanipeleka kwenye banda. Akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Mama Nasra," akasema, "ile nusu. Miye nataka kuuza."

"Unauza kwa Kiswahili cha nani?" nikamuuliza.

Akacheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye wavu, machozi yakamtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko, kwa sababu na mimi yangu sikuweza kuyahesabu. "Weye sema bei," akasema. Nikamwambia aseme yeye. Basi la kwetu likafika, na mpaka sasa hakuna aliyesema.

Wanangu, nipeni shauri. Kama anauza kwa Kiswahili changu, yaani ananiachia nusu yake, natoa thelathini na siongezi, banda limeshazeeka. Kama anauza kwa Kiswahili chake, yaani anataka nusu yangu, basi ni sitini, na kioo kina bei yake. Mkishindwa kujua ni kipi, fanyeni hivi: mmoja wenu ashike pauni hamsini, anyooshe mkono mbele ya Mama Neema pale bandani, asiseme neno, amtazame. Akipokea, niambieni, hamsini nitawarudishia. Lakini mkiona naye ameingiza mkono kifuani ametoa za kwake, msipokee. Nipigieni simu mbaki mmesimama hivyo hivyo, nami nakuja kwa basi la kwanza.